Babu Anayenuka Petroli

Benchi lenyewe ni ubao uliong'olewa kwenye lori bovu, ukalazwa juu ya matofali mbele ya ukuta wa Shangazi, pale barabara inaposhuka kutoka kituo cha mafuta kisha ikapinda ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mkono wa kushoto ni gereji ya Plagi. Mkono wa kulia ni mlango wa bati wa kuingilia uani kwa Shangazi, kwenye kisima alichokichimba marehemu mumewe kwa sururu na matusi. Katikati ni Shangazi mwenyewe, birika lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na masikio, na wanaume wawili watatu ambao wake zao wanaamini wako kazini. Kona nzima ile ilinuka petroli. Na kwa kuwa gereji ilikuwa hapo hapo, mlango wazi, hakuna aliyewahi kujiuliza harufu inatoka wapi. Mwenye harufu si yule, ameketi?

Mwenye harufu alikuwa Plagi, fundi magari, mtu wa tumbo la kuridhisha na kicheko cha kusikika mitaa miwili. Jina alilipata kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawaka. Lakini siku zile hakuwa akiwaka. Alikuwa amepata mjukuu, wa kwanza, wa kiume, na mpaka leo hajampakata.

Ilikuwa hivi. Binti yake alirudi nyumbani kujifungua, maana mumewe yuko kikazi mbali. Mtoto akaja mzima, mnene, na sauti ya mtu anayenadi shamba. Kisha vipele vikamtoka mgongoni na makwapani, akawa halali, na asipolala yeye halali mtu. Binti akanusa blanketi, akanusa ukuta, akamnusa baba yake, akatoa hukumu: mtu anayenuka petroli hamgusi mwanangu. Plagi akakata rufaa kwa mkewe. Mkewe, aliyelala kando ya harufu hiyo tangu ndoa ikiwa bado ina picha ukutani, akamwambia akamuulize mwenye mtoto.

Basi Plagi akafanya jambo ambalo hakulifanya hata alipovunjika mkono: alifunga gereji. Wateja akawaambia wasubiri. Ovaroli akaitupa. Akanunua mche mzima wa sabuni, akaoga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni, akajisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikaomba radhi. Kila akimaliza anavaa shati lake jeupe la harusini, ambalo vifungo vya katikati vilishajiuzulu, anakwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha binti yake, anainama kidogo ili anuswe kwa urahisi. Binti anavuta pumzi, anatikisa kichwa kwa huruma, anafunga mlango. Kwa ndani mtoto analia. Plagi anarudi kijiweni.

Asubuhi hiyo alirudi akakuta wenzake wamekwisha kukaa. Alikuwapo Lita, kijana wa kituo cha mafuta cha pale juu, ambaye alitoka zamu ya usiku bila haraka ya kwenda kulala. Alikuwapo Profesa, mstaafu wa shule ya jirani. Profesa alikuwa mpiga kengele. Watu walimpa cheo hicho kwa hoja kwamba elimu yote ya shule ile ilianza na kuisha kwa mkono wake.

— Wamekunusa? aliuliza Shangazi.

— Wamenusa.

— Wakasemaje?

Plagi akaenda kukaa mwisho wa benchi, upande upepo unakoishia, ambako alihamishwa kwa kura. Shangazi akampa kikombe chake. Na kilikuwa chake kwelikweli, kimefungwa uzi mwekundu, kwa sababu siku nyingi kidogo zilizopita kahawa ya pale ilianza kuwa na ladha ya gereji, na baraza likaamua kwamba ni midomo ya Plagi inayochafua vikombe. Uzi ukafungwa. Ladha ikabaki. Wakamwomba Shangazi aongeze tangawizi. Akaongeza. Wakaomba pilipili manga. Akatia. Mwisho kahawa ile ikawa kali kiasi kwamba watu wa mitaa ya mbali walianza kuja kuifuata, wakiinywa kwa macho yaliyofumbwa, wakisema inafungua kifua. Shangazi akanunua birika kubwa zaidi.

— Mimi nimelifikiria suala lako usiku kucha, Profesa akaanza, na akaweka kikombe chini ili mikono ipate nafasi.

Alieleza kwamba ngozi ya binadamu ni sifongo. Fundi aliyenyonya mafuta kwa mpira miaka yote hiyo, mara amevuta, mara amemeza, damu yake si damu tena, ni mchanganyiko. Sasa akioga anajisumbua bure, anaosha chupa kwa nje na divai iko ndani. Dawa yake ni kutoa jasho mpaka tangi liishe, yaani akimbie kwenda na kurudi mlimani kila alfajiri. Plagi alilitazama tumbo lake, akautazama mlima, akasema kama ni hivyo mjukuu atampakata siku ya mahari.

Lita alisema Profesa anakosea. Mtu hawezi kuwa na petroli ndani akavuta sigara, na yeye amemwona Plagi akivuta. Harufu ile, kwa utaalamu wake wa pampu, iko puani mwa binti. Mzazi mpya hunusa vitu ambavyo havipo. Dada yake alipojifungua alinusa samaki kwenye nyumba nzima kwa mwezi, na hakuna aliyekula samaki.

— Na wewe hunusi? aliuliza Shangazi.

— Mimi nafanya kazi kituo cha mafuta, Shangazi. Pua yangu ilistaafu.

Wakacheka. Plagi naye alicheka, kwa upole, kicheko cha mtu aliyealikwa kwenye sherehe ya kumsema yeye. Kwa kumpoza, Lita akageuza mazungumzo kwenye shida za kwao. Kule kituoni, alisema, mambo hayajatulia. Kila asubuhi wanazamisha ile fimbo ndefu kwenye tangi lililoko chini ya ardhi, wanaona mafuta yalipofika, na kila asubuhi ni pungufu ya walivyoacha jana. Bosi alisema wanaiba. Akaweka kufuli. Mafuta yakapungua. Akaweka mlinzi. Yakapungua. Akaweka mlinzi wa kumlinda mlinzi, na walipopatana wale wawili akawafukuza wote. Bado yanapungua.

— Hapo kuna mtu anakunywa, alisema Profesa.

— Ndiyo tunavyosema.

— Kwenu mafuta yanapotea, huku mtu ananuka mafuta. Profesa alimgeukia Plagi polepole kama hakimu. — Bwana fundi, una lolote la kuieleza mahakama?

Wote wakamtazama Plagi, Lita akiwa ameshika tumbo kwa kicheko. Plagi alisema anakubali kosa, huyanywa kwa mkate. Ikapokewa vizuri, na Profesa, ambaye akishapata makofi hashuki jukwaani, akapanda juu zaidi. Akasema hapana, hebu tuache utani, tufikirie kitaifa. Kama ardhi ya hapa inanuka, hata kwenye nguo za mtu asiyefanya kazi, basi chini yetu pana mafuta ya asili. Serikali haijui. Wazungu hawajui. Tunakalia visima, na tunavikalia kwenye ubao wa lori. Akamwambia Lita asiende popote, maana atahitajika kuwa waziri. Shangazi atauza kahawa bandarini kwenye meli. Yeye Profesa hataki makuu, apewe tu kengele moja kubwa ya dhahabu.

— Na mimi? aliuliza Plagi.

— Wewe ndiye uliyegundua. Utapewa mtaa uitwe jina lako.

— Mimi sitaki mtaa, alisema Plagi. Nataka nimshike yule mtoto kabla hajaanza kutembea.

Alilisema taratibu, bila kuinua macho, na utani ukakosa pa kukanyaga. Profesa akachukua kikombe chake, akanywa, akakohoa.

Ndipo akaja mwanamke mmoja amevaa mabuti ya mpira na kofia pana, begani sanduku la mbao lililojaa chupa za kioo, mkononi kamba iliyoviringwa vizuri. Aliwaamkia, wakamwitikia, wakamsogezea nafasi. Alisema ametoka ofisi ya maji. Mama mmoja mfua nguo, kule bondeni, amelalamika kwamba mashuka meupe ya wateja wake yanarudi yakinuka kama yamefuliwa kwenye gereji, na sasa yeye anapita kisima kwa kisima, akipanda kutoka chini. Lakini kwanza aliomba kahawa, maana jua limekwisha kuwa kali.

Shangazi alimpa kikombe kizuri kuliko vyote. Mgeni akakiinua, kikafika mdomoni, kikasimama. Akakinusa. Akakirudisha juu ya benchi kwa adabu, kama mtu anayemlaza kifaranga.

— Samahani, Shangazi. Haya maji umeyateka wapi?

— Kisimani kwangu, alisema Shangazi, na sauti yake ikavaa viatu. — Ni kisima cha mume wangu. Mtaa mzima unakijua.

Wanaume walimkingia Shangazi kifua. Walimweleza mgeni kwamba harufu anayoisikia si ya kahawa, ni ya yule bwana wa mwisho wa benchi, ni habari ndefu, na ni fundi, na ameoga. Mgeni akamtazama Plagi, shati lake jeupe, mikono yake iliyosuguliwa mpaka kwenye mizizi ya kucha.

— Leo umefanya kazi, baba?

— Gereji nimeifunga.

— Tangu?

— Tangu wiki iliyopita. Naoga tu.

— Unaogea maji gani?

Kichwa cha Plagi kikageuka chenyewe kuutazama mlango wa bati.

Waliingia uani wote, Shangazi mbele. Yule mgeni aliishusha chupa kwa kamba, taratibu, asiizamishe moja kwa moja, akaiacha ichote pale juu ya uso wa maji. Akaivuta. Akaisimamisha juu ya ukingo wa kisima, akawaomba watulie, wasiiguse. Walisimama kuizunguka kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Baada ya muda kitu chembamba kikajitenga juu ya maji, na jua lilipokipiga kikatoa rangi za upinde wa mvua. Aliifungua chupa, akampa kila mtu anuse. Lita alinusa, akasema yeye hana pua, lakini alisema kwa sauti ndogo. Profesa alinusa, akampa Plagi bila hotuba.

Plagi aliivuta harufu ile mpaka mwisho wa mapafu.

— Mimi huyo, alisema.

Walirudi kwenye benchi. Mgeni hakuwa na haraka wala majivuno. Aliwaeleza kwamba petroli ikivuja ardhini hushuka mpaka ikutane na maji, na ikishakutana nayo hailali chini yake, hulala juu yake, ikasafiri nayo kufuata mteremko. Kwa hiyo mtu akiona mafuta kisimani asitazame chini alipo, atazame juu. Wote wakatazama juu. Barabara ilipanda, nyeupe kwa vumbi, mpaka kwenye kituo cha mafuta na bango lake.

— Lile tangi lenu lina umri gani? alimuuliza Lita.

Lita alisema hajui. Bosi mwenyewe alilikuta. Ni la chuma, na limefukiwa tangu zamani za wenyewe. Kila mtu aliona anachokifikiria, maana alikuwa akitazama mikono yake iliyoshika fimbo ile kila asubuhi. Kisha akasema wale walinzi wawili walikuwa watu wazuri, na mmoja wao alikuwa rafiki yake, na siku anafukuzwa yeye Lita hakumuaga kwa kuwa aliamini ni mwizi.

Mgeni alimwambia asiruke mbele. Chupa hizi zitakwenda kupimwa kwenye maabara, na watachimba mashimo ya majaribio kati ya kituo na hapa ili waione njia yenyewe, na tangi litajazwa hewa ionekane kama linaishika au linavuja. Mpaka hapo yeye hamtaji mtu. Lakini kisima kinafungwa leo.

— Kinafungwa, alirudia Shangazi.

— Kinafungwa, Shangazi. Si kwa kunywa tu. Hata kuoga, hata kufulia.

Shangazi hakubisha. Alilitwaa lile birika kubwa jipya kwa kitambaa, akaenda nalo hadi kwenye mtaro, akalimimina lote, akabaki amelishika tupu, mvuke unampanda usoni.

— Nyinyi mlikuwa mnaionja ladha hii, alisema bila kugeuka.

Walikubali kwamba walikuwa wakiionja.

— Na hamkusema.

Profesa alijitetea kwamba walidhani ni Plagi. Na hata kama si Plagi, mtu hawezi kumwambia Shangazi kahawa yake ina kasoro, akaendelea kuishi katika mtaa huu. Ndiyo maana wakaomba tangawizi.

— Mimi nami niliionja, alisema Shangazi. Nikadhani ndivyo mnavyoipenda.

Hapo hata mgeni alishindwa kujizuia, akacheka kidogo, akafuta jasho la paji la uso. Profesa akauliza, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida, je, wao waliokunywa? Aliambiwa aache kunywa, aende hospitali akapimwe, na aseme ukweli kuhusu idadi ya vikombe. Alisema ukweli huo ni mzito. Lita akamwambia akitoa jasho mlimani litaisha. Ukawa utani wa mwisho wa asubuhi hiyo, na haukupata makofi.

Mgeni alianza kuzifungasha chupa zake, kila moja kwenye tundu lake. Akauliza ni nani wengine wanaoteka hapa. Wakamtajia: kinyozi, jirani mmoja wa ng'ambo ya barabara, Profesa mwenyewe, nyumba ya Plagi. Akauliza ni nyumba ipi kati ya hizo ina wagonjwa au wazee. Wakamwambia wazee ni hawa unaowaona. Akafunga kifuniko cha sanduku.

— Na mtoto mchanga? Kuna nyumba yenye mtoto mchanga?

— Kwa Plagi, alisema Lita.

— Anaogeshwa maji gani?

Hakuna aliyejibu. Si kwamba hawakujua. Wote watatu walikuwa wakimwona Plagi kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka, akitoka kwenye mlango ule wa bati na ndoo mbili, akitembea kwa uangalifu asimwage hata tone. Alikuwa amekatazwa kumshika mtoto, basi akaomba angalau kazi ya kumletea maji. Alijivunia kazi ile. Alikuwa akiwaambia, mimi simpakati, lakini kila anapong'aa ujue ni mimi. Profesa alitazama viatu vyake. Shangazi aliweka birika chini. Mgeni, ambaye hakuwa amemaliza kushangaa ukimya wao, aliona mzee wa shati jeupe akiinuka mwishoni mwa benchi, na akaelewa. Akamwambia kwa upole ampeleke mtoto zahanati leo hii wamtazame hivyo vipele, na aseme ni maji. Plagi aliitikia kwa kichwa. Alikwisha kuanza kutembea.

Hakukimbia, maana alihofia kuwatisha nyumbani, lakini alitembea mwendo ambao tumbo lake halikuuzoea.

Alimkuta binti yake sebuleni juu ya kigoda, mtoto mapajani akiwa uchi, beseni mbele yao, kiwiko cha mama ndani ya maji kikipima uvuguvugu. Plagi alisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwa yule mtoto, hakuinama ili anuswe.

— Usimtie, alisema.

— Baba, tumekubaliana nini? Simama hapo hapo.

— Nimesimama. Nusa beseni.

Binti alimtazama kama mtu anayetazama mzazi wake akianza kuzeeka vibaya. Kisha aliinama, akanusa. Akanusa tena, karibu zaidi. Akakitoa kiwiko, akakinusa nacho, akabaki amekiinua hewani.

— Ni maji, alisema Plagi. Kisima kimeingia mafuta. Nimekuwa nikiyaoga, na nimekuwa nikimletea. Ni mimi niliyemletea, mama.

Binti alisimama, akamkusanya mtoto kifuani. Alitaka beseni lile litoke ndani ya nyumba hapo hapo, na beseni lilikuwa limejaa, la kubebwa kwa mikono miwili. Alitazama huku, akatazama kule. Mama yake alikuwa sokoni. Akamviringisha mtoto kwenye kanga, akapiga hatua mbili, akamweka mikononi mwa babu yake, akainua beseni, akatoka.

Plagi alikwisha kubeba injini nzima kwa kamba na mabega, lakini huu ulikuwa mzigo mwingine. Akajiachia taratibu chini, akaketi sakafuni na mgongo ukutani. Mtoto alikunja uso, akajiandaa kunadi shamba, kisha akabadili mawazo. Alipata pa kuegemea, juu ya lile tumbo, akashusha pumzi moja ndefu ya mtu aliyetoka zamu. Vipele vyake vilionekana mpaka shingoni. Plagi alivipitishia kidole bila kuvigusa.

Nje maji yalisikika yakimwagwa, beseni likapigwa chini mara moja, kwa nguvu. Binti alirudi. Alisimama akiwatazama, mikono yake ikichuruzika, na hakunyoosha mikono hiyo kumchukua mtoto.

— Zahanati nitampeleka sasa hivi, alisema. Lakini tukirudi, huyu ataoga maji gani?

Plagi alifikiri. Visima vyote anavyovijua viko kwenye mteremko, kuanzia kwa Shangazi kushuka hadi bondeni kwa mfua nguo. Alikumbuka alivyoambiwa kuhusu maji na mteremko.

— Juu, alisema. Kupita kituo cha mafuta, kwenye chemchemi ya mlimani. Kule mafuta hayajafika.

— Ni mbali, baba.

— Nitabeba.

— Basi nipe mtoto, uende kabla jua halijapanda zaidi.

Plagi alimtazama yule mtu mdogo juu ya tumbo lake, mdomo wazi, amelala kama mtu aliyelipwa.

— Nitakwenda, alisema. Akiamka.